Mahudhurio ya Mwanvita

Kichangani, Morogoro
14 Januari 2025

Mpwa wangu Mwanvita,

Habari kwanza, salamu baadaye. Nimefanya kazi ya gazeti miaka mingi mno, siwezi kubadilika sasa. Bi. Josephina, mkuu wa taaluma wa chuo chenu, alitangaza jana kwamba wanafunzi wa utabibu wa mwaka wa tatu walio kwenye mazoezi vituoni watahudhuria masomo ya nadharia kwa mtandao, kila Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi alasiri. Mahudhurio yatahesabiwa na mfumo wenyewe. Asiyefikisha asilimia themanini hatafanya mtihani wa mwisho. Tangazo liliingia kwenye simu yako kubwa, ile uliyoniachia nikutengenezee kioo. Kioo tayari.

Sasa salamu. Assalaam alaykum. Sisi wazima. Mama yako huko Ngerengere goti limempa nafasi kidogo, amerudi kwenye vitumbua vyake. Kaka yako Hafidhi amepata mchumba. Posa itapelekwa baada ya Idi na nitakwenda kusema mimi, maana kwetu kijana mwenye mjomba hajisemei mbele ya wakwe. Yeye atakaa kimya na kutazama mkeka.

Niambie kama huko Kisangalo kuna mtandao. Mpe jibu dereva Maneno akishuka na kenta ya kabeji.

Mjomba wako,
Rehani


Zahanati ya Kisangalo, Mgeta
22 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Waalaykum salaam. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye mifupa. Mpe Hafidhi pongezi zangu na umwambie asile mbele ya wakwe, wakimwona anavyokula watairudisha posa. Mama mwambie asibebe ndoo.

Mtandao hakuna, mjomba. Kuupata lazima upande mgongo wa mlima ulio juu ya shule, mwendo wa saa nzima, na ukifika uombe kusiwe na wingu. Mimi nina kiswaswadu tu, kisichoingia mtandaoni, kwa hiyo Alhamisi niliazima simu ya Pendo, mwalimu wa shule ya hapa, nikapanda. Darasa likafunguka. Nikamwona mwalimu, nikamsikia akisema, "Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, jambo la kwanza..." Akaganda hapo hapo, mdomo wazi. Wingu likashuka. Jambo la kwanza sikulisikia. Niliporudi nikakuta watu kumi na kitu wananisubiri barazani, wengine wamekasirika, na haki yao.

Siwezi kupanda mlima mara mbili kwa wiki na kuacha zahanati. Na hata ningepanda, wanafundisha kana kwamba wote tuko hospitali kubwa. Friji letu la dawa linategemea betri ya sola ambayo ikiwa na mawingu siku mbili inakufa. Sindano ya kuzuia damu inatakiwa ikae kwenye baridi. Ikishapata joto nifanye nini? Hilo ndilo ningemwuliza mwalimu, kama angeganduka.

Naomba uende chuoni ukamweleze Bi. Josephina. Wewe ukisema watu wanasikiliza.

Mpwa wako,
Mwanvita


Kichangani, Morogoro
7 Februari 2025

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Nyumbani salama. Mama yako anauliza kama unakula. Nimemjibu kwamba unakula, ingawa sina chanzo cha habari hiyo.

Nilikwenda chuoni Jumatatu ya tarehe 27 Januari. Bi. Josephina haonekani bila miadi, na miadi inaombwa mtandaoni. Kijana wa dirishani aliniuliza, "Mzee, mwanafunzi wako ametuma maombi ya kusamehewa mahudhurio?" Nikamwambia nimekuja kuyaleta kwa mdomo. "Yanatumwa kwenye mfumo, mzee." Nikamwambia aliko hakuna mtandao, ndiyo hoja yenyewe. Akafikiri kidogo. "Basi kwenye mfumo kuna sehemu ya kuandika sababu. Aandike hiyo." Hakuwa anatania. Nimewahi kuhoji wakuu wa wilaya na majambazi, na wote walikuwa na pa kuwashika. Huyu hakuwa na pa kumshika.

Suala la mahudhurio usilifikirie tena. Nimelishughulikia.

Nakutumia pia maelezo ya masomo manne yaliyopita, nimeyaandika kwa mkono wangu kwa kuwa mwandiko wangu unausoma. Swali lako la friji liliulizwa jana na mwalimu akalisifu mbele ya darasa zima. Jibu lake: sindano iliyopata joto usiitegemee. Tumia vidonge vya misoprostol, havihitaji baridi, vinne chini ya ulimi, na wakati huohuo sugua mfuko wa uzazi kwa mkono bila kuacha, na gari la wagonjwa liitwe mara moja, lisisubiri kuona kama vimefanya kazi. Alisema vidonge hivyo hukaa vituoni hadi vinapitwa na muda kwa sababu hakuna anayevikumbuka. Fungua kabati leo uangalie vya kwenu.

Mjomba wako,
Rehani


Zahanati ya Kisangalo
19 Februari 2025

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilinifikia Jumamosi, Maneno alikuwa amekwama kwenye matope siku tatu. Nashukuru kwa maelezo. Mshukuru sana Yasmin, najua ni yeye, hakuna mwingine darasani kwetu anayeandika hadi kikohozi cha mwalimu. Nakula, mwambie mama. Njegere.

Jana Jumanne, mnamo saa nane mchana, aliletwa Martina, mke wa fundi seremala wa hapa. Mimba ya nne. Mtoto alitoka vizuri, wa kike, akalia. Kondo la nyuma likatoka. Halafu damu ikaja na haikusimama. Friji lilikuwa limezima tangu Jumapili. Nilichoma sindano kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo, haikubadilisha kitu. Nilikuwa nimeshavitafuta vile vidonge siku ileile niliyosoma barua yako, vilikuwa nyuma ya maboksi ya pamba, muda wake bado. Vinne chini ya ulimi. Nikasugua tumbo hadi mkono ukafa ganzi. Mwalimu Pendo alimtuma mtu mlimani apige simu ya gari. Damu ilipungua, kisha ikasimama kabla gari halijafika. Leo asubuhi tumepata habari kutoka hospitali: ameongezewa damu, anaongea, anadai chai.

Nimeandika ripoti ya mazoezi ya mwezi huu na tukio hili limo, tarehe na saa. Maneno ataipeleka chuoni pamoja na barua hii. Hiyo ndiyo itakayonivusha, mjomba. Wengine wote wa darasa letu wameandika vidonda na malaria.

Mpwa wako,
Mwanvita


Kichangani, Morogoro
28 Februari 2025

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Kesho au keshokutwa tunaanza kufunga. Mama yako atakuja kukaa nami kumi la mwisho. Nimefurahi kwa ajili ya Martina, na mengine juu ya hilo nitakuambia ana kwa ana.

Nina mambo mawili.

La kwanza. Katika barua yako yote sikuona jina la Mikaeli. Yeye ndiye mganga mfawidhi wa hapo na ndiye niliyemkabidhi wewe mwezi wa Desemba, akaniahidi kwamba hutagusa mgonjwa bila yeye kuwapo. Jumanne hiyo ya tarehe 18, muda mfupi kabla ya saa nane, nilipita mgahawa mmoja karibu na stendi kununua bando. Mikaeli alikuwa ameketi kwenye kona na kompyuta, amevaa spika za masikioni. Hakuniona. Nani alikuwa na wewe zahanati? Nataka jibu la mstari mmoja.

La pili. Ripoti ile ungeisubirisha. Maneno ananiambia ameshaifikisha. Ningejua mapema ningeizuia.

Usimwandikie Yasmin kuhusu maelezo ya masomo. Ana mambo mengi.

Mjomba wako,
Rehani


Zahanati ya Kisangalo
8 Machi 2025

Mjomba, shikamoo. Ramadhani karimu.

Tunafuturu uji na magimbi. Martina amerudi, mtoto ameitwa Grace, ananyonya kama amekodishwa.

Umeniuliza swali moja, nami nina yangu. Bando la nini? Tangu nikujue, mjomba, unasema intaneti ni ya watu wasio na redio. Na ripoti yangu ungeizuia kwa sababu gani? Ina kosa gani?

Yasmin amenitumia salamu kwa mdomo wa Maneno. Anasema hajawahi kukupa hata ukurasa mmoja, na hajui unakaa wapi. Anasema pia kwamba anashangaa nilivyobadilika. Zamani nilikuwa nakaa kimya darasani, siku hizi naandika maswali marefu yenye mkato na nukta, na nikimaliza namshukuru mwalimu kwa muda wake. Darasa zima wanacheka, wananiita Mheshimiwa.

Swali la friji nilimwandikia mtu mmoja tu duniani.

Simu yangu iko wapi, mjomba?

Mwanvita


Kichangani, Morogoro
14 Machi 2025

Mpwa wangu,

Bi. Josephina ametuma ujumbe jana kwenye simu yako. Nanukuu: "Mfumo unaonyesha kuwa Jumanne tarehe 18 Februari, saa nane hadi saa kumi, ulikuwa darasani muda wote na uliuliza swali. Ripoti yako ya mazoezi inasema saa hizohizo ulikuwa ukimhudumia mzazi Kisangalo. Chuo kinachukulia kuwa ripoti ni ya kughushi. Umesimamishwa kufanya mtihani hadi utakapojieleza."

Simu iko kwangu. Aliyekuwa darasani ni mimi.

Nitaeleza lilivyokuwa. Nilipotoka kwa yule kijana wa dirishani nilifungua simu yako ili nisikilize somo na kukuandikia, basi. Kuandika yaliyosemwa ni kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Neno lako la siri simu inalikumbuka yenyewe. Nilipoingia, jina lako likatokea na alama ya kijani pembeni, na mfumo ukaandika kwamba Mwanvita amehudhuria. Sikuyafuta maandishi hayo. Nilijiambia kwamba mjomba anasimama mahali pa mtoto wa dada yake kwenye posa, kwenye msiba, kwenye baraza la ukoo, na hakuna anayesema ameghushi. Nikasimama mahali pako. Wiki ya pili nikaanza kuuliza maswali, na siwezi kusema kwamba sikufurahia.

Mwishoni mwa ujumbe anasema ukikubali kuwa ripoti si ya kweli, utarudia mazoezi miezi mitatu na jambo litaisha hapo. Kwa njia hiyo hakuna atakayemtafuta Mikaeli, wala hakuna atakayeuliza nani alikuwa kwenye simu. Sikushauri. Nakueleza tu kwamba mlango huo upo.

Swali langu la mstari mmoja bado halijajibiwa.

Rehani


Zahanati ya Kisangalo
29 Machi 2025

Mjomba, shikamoo.

Barabara imekatika chini ya daraja la mbao, barua yako ilikaa kwa Maneno zaidi ya wiki. Nashukuru, maana ningekujibu siku ileile ningekutukana, na nimefunga.

Jibu la mstari mmoja: nilikuwa peke yangu.

Sasa sikiliza. Mikaeli anasoma digrii kwa mtandao. Bila digrii hapandi cheo, na madarasa yake ni Jumatatu hadi Alhamisi, kwa hiyo Jumapili anashuka mjini palipo na mtandao na Ijumaa anapanda. Ndivyo ilivyo tangu wiki yangu ya pili hapa. Mtu wa kunifundisha yuko mjini anafundishwa. Mimi niko mlimani na wagonjwa wake. Mjomba wangu yuko darasani kwangu. Kila mtu amehudhuria, mjomba, mfumo umefurahi, na Martina alikuwa na mimi tu. Sikukuandikia kwa sababu nilijua ungepanda kuja kunitoa, na zahanati ingefungwa siku nne kila wiki.

Nilimweleza Mikaeli habari ya ujumbe alipopanda Ijumaa. Akavua koti, akakaa.

"Mwanvita, kubali tu ripoti ni ya uongo. Miezi mitatu si mingi."

"Lakini si ya uongo."

"Najua si ya uongo! Ukisema ulikuwa hapa watauliza na mimi nilikuwa wapi. Mimi na wewe tutafukuzwa wote, na hapa hawataleta mtu."

"Kwani sasa yupo nani?"

Aliuliza vidonge vimebaki vingapi, akaenda kuhesabu mwenyewe. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linalonichosha, ningependa awepo mtu mbaya mmoja nimkasirikie nimalize.

Nimekukasirikia wewe. Ulisema umelishughulikia. Ulichoshughulikia ni jina langu. Ningekosa asilimia themanini ningekwenda kubishana nikiwa na hoja, nimekosa kwa sababu nilikuwa kazini. Sasa nimefikisha asilimia yao na mimi ni mwongo. Na siwezi hata kukukasirikia vizuri, kwa sababu bila wewe kukaa kwenye lile darasa la haramu nisingejua habari ya vidonge, na Grace asingekuwa na mama. Nimejaribu kuyatenganisha mambo hayo mawili, yamekataa.

Sitakubali kuwa ripoti ni ya uongo. Nikikubali, ina maana siku ile hakukuwa na mtu hapa. Martina hatakuwa amehudumiwa na yeyote. Nitasema nilikuwapo, nilikuwa peke yangu, sikuwa na ruhusa, na nilifanya hivi na hivi. Kama watanifukuza kwa hilo, wanifukuze kwa jambo nililolifanya. Mikaeli nimemwambia nitakachosema. Ameomba aandike maelezo yake mwenyewe kwanza, nimemwambia ni haki yake.

Na wewe utakuja, mjomba. Lakini hutanisemea. Utaeleza yako tu, ukimaliza ukae kimya utazame mkeka kama Hafidhi.

Nijulishe tarehe. Idi njema. Msalimie mama na umweleze yote, asiyasikie sokoni.

Mwanvita


Kichangani, Morogoro
4 Aprili 2025

Mpwa wangu Mwanvita,

Chuo kimepanga kikao chako cha nidhamu Jumatano, tarehe 16 Aprili, saa tatu asubuhi. Taarifa hiyo nimeipata leo kwa Bi. Josephina mwenyewe. Nilimsubiri kwenye maegesho hadi akatoka. Nilimwambia mimi ndiye Mwanvita wa mtandaoni. Akasema, "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa ukinishukuru kwa muda wangu." Somo la uzazi anafundisha yeye, na sauti niliitambua. Hakucheka. Alisema kukiri kwangu hakukusafishi, kwa kuwa simu ni yako na neno la siri ni lako, na kwamba kumhudumia mzazi bila msimamizi ni kosa zito kuliko lile la mahudhurio. Ameahidi kunisikiliza kikaoni. Zaidi ya hilo hakuahidi kitu, na sitakuandikia kwamba aliahidi.

Nilimwuliza pia jibu lake la Februari lilikwenda kwenye vituo vingapi visivyo na mtandao. Alisema hilo si suala la kikao.

Idi ilipita salama. Mama yako nimemweleza. Alinisema tangu magharibi hadi alfajiri ya siku iliyofuata na nilistahili. Posa ya Hafidhi imesogezwa. Nimewaambia wazee watafute msemaji mwingine kwa sasa, wamekataa, wamesema hilo la simu ni mambo ya vijana. Sikubishana nao.

Martina ametuma neno kwa Maneno kwamba atashuka na mtoto kikao kikifika. Nimemjibu asitoke na mtoto mchanga kwenye mvua hizi, na kwamba karatasi ya hospitali yenye tarehe inatosha, aikabidhi kwako. Maneno anasema barabara itapitika kuanzia Jumamosi ya tarehe 12. Panda kenta yake Jumapili. Isipopitika, shuka kwa miguu hadi darajani, kwa vyovyote nitakuwa upande wa pili na bodaboda tangu asubuhi.

Nilipokuwa naondoka nilimwuliza yule kijana wa dirishani kama tunaweza kuhudhuria kikao kwa mtandao, kwa kuwa mwanafunzi yuko mbali. Alisema haiwezekani. Kikao cha nidhamu lazima mhusika aje mwenyewe, aonekane kwa macho.

Jumatano, tarehe 16, saa tatu. Simu yako nitakukabidhi darajani, imezimwa.

Mjomba wako,
Rehani